Marsiya ya Ndara Moja

Feri ya Likoni haimtozi nauli mwenye kuvuka kwa miguu, lakini bahari yenyewe hujitoza. Hapana siku inayopita bila ya mkondo ule kupokea haki yake kutoka kwa umati unaomiminika asubuhi na jioni baina ya Likoni na kisiwa cha Mombasa. Leo itakuwa ni kofia ya vito iliyoshonwa kwa miezi mitatu ikapeperushwa kwa dakika moja. Kesho itakuwa ni miwani, au bakora, au mwavuli, au kuku aliyekatika kamba akadhani kuwa na mbawa ndiko kujua kuruka. Nimeona simu ikimponyoka kijana mkononi katikati ya maneno matamu, na nina hakika kuwa yule aliyekuwa upande wa pili anaamini mpaka leo kwamba alikatiwa kwa makusudi.

Katika kuvuka kwangu kwa miaka mingi kuna jambo moja nililolichunguza. Kitu kikianguka majini, watu wote hunyamaza kwanza. Hawakitazami kile kitu. Humtazama mwenyewe usoni. Akisonya na kuinamisha kichwa, watu hugeuza nyuso zao wakajifanya wanaangalia meli zinazoingia Kilindini. Lakini akicheka, basi feri nzima hucheka naye, na kila mmoja huleta kisa chake cha alichopoteza hapo hapo mwaka fulani. Sheria hii hakuna aliyeiandika wala hakuna askari wa kuisimamia, nami sijaona mtu akiivunja. Kicheko ni mali ya aliyepotewa, na mpaka akigawe yeye mwenyewe, hakuna mwingine mwenye fungu ndani yake.

Ukurasa huu umezoea kuzungumza habari za taarabu, za ngoma na za nakshi za milango. Leo naomba msomaji aniwie radhi nizungumze sanaa isiyokuwa na ukumbi wala tikiti, nayo ni ile ya watu wetu kuuchukua upotevu mdogo, wa senti chache, wakaupamba kama bibi harusi.

Nina jirani yangu hapa Kibokoni, mtu mzima, fundi wa saa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu aliniruhusu nieleze habari za ndara yake, si habari zake. Mimi humwita Ami. Katika kusi ya mwaka 2017 tulikuwa tukirudi Likoni kumtazama mgonjwa. Feri ilipofika upande wa Mombasa, lile bamba la chuma likateremshwa, watu wakasukumana kama ilivyo ada, na ndara ya mguu wake wa kulia ikamvuka, ikateleza baina ya chuma na saruji, ikaingia majini. Tukaiona inaibuka kwa mbali kidogo. Ilikuwa ndara ya mpira ya rangi ya buluu, ukanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi mara mbili. Ikajizungusha, ikatutazama, ikaondoka.

Watu wakanyamaza. Ami akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ile ile anayoitumia mazikoni.

Kijana mmoja alitabasamu, lakini hakuthubutu kucheka. Na mimi nasema kwamba mzee wangu alikuwa juu ya haki. Masheikh wetu wamesimulia ya kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikatikiwa na ukanda wa kiatu chake akayatamka maneno hayo hayo, na kwamba yanatamkwa katika kila linalomuudhi Muislamu, dogo na kubwa. Anayedhani kuwa maneno yale yamewekwa kwa ajili ya jeneza tu, hayajui yalivyo mapana.

Kisha Ami akainama, akaivua na ndara ya kushoto, akaitia kwapani, akaanza kupanda ule mteremko wa Feri miguu mitupu. Hapa tena ile ni sunna, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kutembea na kiatu kimoja, ama avae vyote au avue vyote. Mama mmoja aliyebeba kapu la maembe akamwonea huruma. Akamwambia, "Baba, si uitupe na hiyo? Moja itakufaa nini?"

Ami akasimama. "Nikiitupa hii, mwanangu," akasema, "ile nyingine ikirudi nitaiambia nini?"

Ndipo akacheka, na watu wote waliokuwa wamejizuia wakapasuka. Yule mama alicheka mpaka embe mbili zikamwanguka, zikateremka kuelekea majini, na ikawa zamu yake sasa yeye kutazamwa usoni. Naye akacheka. Tulipopanda matatu, utingo aliiona ile ndara mapajani mwa mzee akamwuliza, "Babu, nyingine iko wapi?" Ami akamjibu, "Ilishuka Feri."

Siku ya pili yake, baada ya sala ya isha, tulikuwa barazani kama kawaida. Ami akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasema amemtungia marehemu marsiya. Tukauliza ni marehemu gani. Akasoma:

Ndara yangu ya kulia, imekwenda na mawimbi,
Kushoto imesalia, haisemi haiimbi,
Mlangoni yawazia, mwenzi asiye na vumbi,
Bahari nakulilia, nipe ndara, sina dhambi.

Haikuwa ya thamani, kamba yake imechoka,
Lakini ya Kibokoni, kila shimo yakumbuka,
Leo yaenda ugeni, Maskati bila shaka,
Bahari nakulilia, nipe ndara, sina dhambi.

Leo natembea peku, kama kuku wa shambani,
Yenyewe, si yangu chuku, yavinjari baharini,
Nikaliwaza usiku, nikacheka kitandani,
Bahari nakulilia, nipe ndara, sina dhambi.

Baraza ya Kibokoni haina huruma kwa mshairi. Mmoja alihesabu mizani kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho akitafuta upungufu, akakosa, akakasirika. Mwingine alidai kuwa marsiya ni ya binadamu na kwamba kuitungia ndara ni kuivunjia heshima fani. Kwa hilo mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Mji huu ndio mji wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, ambaye wataalamu wanakadiria kuwa aliishi tangu 1776 hadi 1840. Huyu ndiye anayesifiwa kuwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga habari za vita na siasa akiwatetea Mazrui dhidi ya Seyyid Said, lakini hakuona haya kutunga pia juu ya ugomvi wa nyumbani, juu ya mapenzi yaliyoharibika na juu ya mfuko uliokauka. Aliona kuwa mtu aliyefilisika ana haki ya vina na mizani sawasawa na mtu aliyeteka mji. Nao Mazrui wenyewe wakaja kuupoteza mji mwaka 1837, ngome na yote yaliyomo, na leo mashairi ya yule mtu wao yana wasomaji wengi kuliko hati zao.

Na si ajabu kwamba tungo hizo nazo zilikuwa njiani kwenda na maji. Muyaka alipokufa, nyingi zilikuwa vinywani mwa watu tu. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa hapa hapa Mombasa, aliyefariki 1890, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor, na wakafanya kazi ya kuwauliza wazee waliozikumbuka. Diwani ilichapishwa 1940 huko Johannesburg, kisha 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa zama zake. Ungeniuliza mimi, yule Mwalimu Sikujua anastahili barabara yenye jina lake kuliko baadhi ya waliopewa. Hebu fikiri kazi yake: kwenda nyumba kwa nyumba ukiwauliza wazee, "Je, unakumbuka alichokisema Muyaka siku ile alipokuwa hana kitu?"

Narudi barazani. Aliyempata Ami kwa kweli alikuwa nahodha mmoja mstaafu ambaye huwa hasemi mpaka kahawa ya pili. Huyo hakugombana na vina. Aligombana na Maskati.

"Ndara yako haikwenda Maskati," akasema. "Sasa ni kusi. Maji ya pwani hii yanakwenda kaskazini. Itapita Malindi, itapita Kipini, na ikifika visiwani itakwama. Ndara yako iko Kiwayu."

Ami akasema kuwa Kiwayu haitoshi mizani. Nahodha akamwambia kuwa bahari haihesabu mizani.

Sasa, msomaji, nahodha huyu alikuwa akizungumza jambo ambalo watu wa Kiunga na Kiwayu wanalijua vizuri. Fukwe zile za kaskazini ya Lamu hupokea takataka za Bahari ya Hindi nzima, na katika hizo ndara za mpira hazina idadi. Zinatoka kwetu, zinatoka Bara Hindi, zinatoka visiwa vya mashariki ya mbali, zote zimekwisha kuchubuka rangi na kuota chaza. Watoto wa huko walikuwa wakizichonga wakafanya vidau vya kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kina mama wa Kiunga walianza kuziokota, kuziosha na kuzikata wakatengeneza samaki na kasa wadogo wa kutilia funguo. Kutokana na kazi hiyo ikaja karakana ya Ocean Sole huko Nairobi, ambayo imekuwa ikichonga twiga na ndovu wa mpira wenye rangi zote, wengine wakubwa kama walivyo wenyewe porini. Twiga wale ni wazuri na wanawalisha watu, sina neno nao. Ila kwa macho yangu mimi, twiga wa ndara anamchekesha mgeni tu. Nyumbani kwetu ndara haijawahi kuwa twiga.

Kilichonitoa machozi ni jahazi. Septemba 2018, Lamu, kiliteremshwa majini chombo kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa mita 9 hivi, hakina ubao hata mmoja wa mti. Mkuku, mataruma na mbao zake zote ni plastiki iliyookotwa, ikapangwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Takriban tani 10 zilitumika. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu, akifanya kazi pamoja na mafundi wenzake kwa ujuzi ule ule wa kuunda majahazi ya mbao, isipokuwa safari hii waliukuta mti uliokaidi, unaoteleza, usiokuwa na nyuzi za kufuata kwa tezo. Halafu juu ya ubavu wote wakalivika ndara 30,000 zilizokatwa vipande vipande, nyekundu, kijani, manjano, buluu, mpaka chombo kikawa kama kimevaa leso za harusi zote za Lamu kwa pamoja. Januari 2019 kikatweka tanga kikaja kusini, kikapita Mombasa, na Februari kikafika Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Zingatia ucheshi uliomo, ambao nadhani mafundi waliuona kabla yetu. Ndara ni kitu cha kwanza kumwacha mtu anapopanda chombo. Hawa wakaenda wakazichukua ndara zilizowaacha watu, wakazifanya chombo.

Picha ya jahazi hilo ilipomfikia Ami, alikwenda chumbani akarudi na ile lenzi ya kutazamia saa, akaibandika jichoni, akaanza kuipitia picha ubavu kwa ubavu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akaniambia, "Uzi mweusi, mishono miwili." Alitumia muda wa baina ya magharibi na isha. Mwishowe akasema kuna moja karibu na usukani ambayo haikatai moja kwa moja.

Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany angelifurahi, nadhani. Mtu wa Lamu aliyeishi sana hapa Mombasa mpaka alipofariki 2017, aliona mapema kuwa majahazi yanapotea na kwamba chombo kinapokufa huzikwa na maneno yake: jina la kila ubao, la kila kamba, la kila chombo cha fundi. Akatunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden 1979, ambamo chombo kinaundwa beti kwa beti tangu kukatwa kwa mti mpaka kusafiri. Alijua kuwa mtu hakumbuki orodha, lakini hukumbuka shairi. Nikiipima marsiya ya Ami, jina la Kibokoni na mashimo yake limo, na siku mashimo yale yatakapozibwa, inshallah, patakuwa na ushahidi kuwa yalikuwepo.

Haya si ya pwani yetu peke yake. Mwezi Mei 1990 meli iitwayo Hansa Carrier, ikitoka Korea kwenda Marekani, ilipigwa na dhoruba katika Bahari ya Pasifiki, makontena yakaanguka, na viatu vya michezo zaidi ya 60,000 vikamwagika. Miezi ilipopita vilianza kufika fukwe za Oregon na jirani zake, vizuri kabisa, vinahitaji kufuliwa tu, lakini kila kimoja peke yake maana havikuwa vimefungwa jozi. Basi watu wa huko wakafanya mikutano ya kubadilishana, kila mtu amekuja na cha kulia anatafuta cha kushoto. Nilipomsimulia Ami alitikisa kichwa kwa furaha akasema kuwa kumbe hata Marekani kuna baraza. Na wako wachunguzi wa Uholanzi waliohesabu viatu vilivyotupwa na bahari wakakuta kuwa katika kisiwa chao cha Texel vya kushoto vinazidi, na katika visiwa vya Shetland kule Uskochi vinazidi vya kulia. Sababu wanasema ni umbo: upepo na maji hukishika cha kulia kwa namna moja na cha kushoto kwa namna nyingine, basi njia zao huachana. Hili la njia kuachana Ami alilinyamazia kwa muda.

Sitaki msomaji afahamu kuwa mtu huyu ni wa mzaha tu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha, na katika mzaha wake hakusema ila kweli, na mzaha wa Ami nilikuja kuifahamu kweli yake siku nyingine, tukiwa tumekaa Mama Ngina tukitazama feri zikipishana chini yetu.

Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda makazini kwao, feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe ilipinduka. Walikufa watu 272. Kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na matanga, na wako waliokaa ukingoni kwa siku nyingi wakingojea maji yawarudishie wao. Katika waliokufa alikuwamo mdogo wake Ami, khitimamlango. Nilikuwa nikilijua hilo, kama majirani wote wanavyolijua, lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikamwuliza, kwa taratibu, kama aliwahi kumtungia. Maana nimeona daftari lake. Mna shairi la miwani iliyoanguka Feri 1998. Mna la mwavuli, mna la kofia, mna la saa ya mteja aliyoitengeneza kwa wiki nzima ikamtumbukia mwenyewe mteja siku ile ile aliyoichukua. Miaka ishirini na zaidi ya vitu vidogo vilivyokwenda na maji yale yale.

Ami hakunijibu mara moja. Feri ya kwanza ilifika Likoni na ya pili ikafika Mombasa. Kisha akasema, "Ndara naiweza, mwanangu. Ile siiwezi."

Sikuongeza swali. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kila nivukapo, na naona yanaifafanua ile sheria ya kicheko kuliko nilivyoifafanua mimi. Kuna yaliyoanguka katika maji yale ambayo hata mwenyewe hawezi kuyagawa kwa watu. Basi anakaa karibu nayo, anakamata kilicho karibu na mkono wake, kipande cha mpira chenye ukanda ulioshonwa, anakililia kwa vina vilivyotimia, anatucheka na kutuchekesha, na wale wanaojua wanacheka naye kwa sauti ya chini kidogo kuliko wengine.

Wako wanaosema kuwa sanaa ya namna hii ni ya kupoteza wakati, kwamba mshairi wa kweli hutunga juu ya taifa na juu ya wajibu. Tunazo tungo nzuri za wajibu, na nyingine si nzuri. Lakini mimi nikiulizwa ni shairi gani lililosomwa barazani kwetu kwa miaka kumi ambalo watu wazima wamelihifadhi kwa moyo bila ya kulazimishwa, nitajibu kuwa ni la ndara. Utingo mmoja wa matatu analijua kibwagizo chake. Nimemsikia akikiimba abiria anapodai chenji.

Imebaki habari ya ndara mpya. Baada ya wiki mbili za kutembea na makubadhi ya Idi, ambayo yalimuuma vidole, Ami alinichukua tukaenda mpaka Marikiti kwa muuza viatu anayepanga bidhaa yake kwenye turubai. Akasalimu, akaulizia hali ya watoto, akaichagua ndara moja ya buluu, akaipima mguuni.

"Hii," akasema. "Nifungie."

Muuzaji akainyanyua na mwenzake.

"Hapana, ya kulia tu. Ya kushoto ninayo." Na akaitoa mfukoni mwa kanzu, na uzi wake mweusi, akaiweka juu ya turubai.

Muuzaji akaigeuza juu chini. "Mzee wangu, ndara huuzwa jozi. Hii ya kushoto yangu nitamwuzia nani?"

"Iweke hapa hapa. Watu wanavuka Feri kila siku. Mwenyewe atakuja."

Muuzaji akanitazama mimi, akaitazama ile ndara iliyochakaa, akavuta kigoda chake akakaa vizuri.

"Ya kulia peke yake," akasema, "ni ghali kuliko jozi."